Benchi Limesogea

Benchi letu lina namba. Lilitoka kwenye ukumbi fulani uliobomolewa, na kwenye ukingo wake wa mbele bado zipo namba za rangi nyeupe, moja hadi tano, moja ikiwa upande wa ukuta wangu mimi, fundi viatu. Mguu wa upande wa tano ni mbovu, kwa hiyo hapa tuna sheria moja ambayo hata mlevi anaifuata: mtu wa kati akiinuka, waliobaki wanasogea upande wa ukuta, la sivyo mguu unakunjika na sote tunagaragara chini mbele za watu. Anayetuuzia kahawa ni Bi Birika, mama wa makamo mwenye haraka zake. Hatazami sura, anatazama namba, maana anasema akitazama sura ataanza maongezi na kahawa itapoa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira mpaka nikapigilia msumari pasipohitaji msumari.

Kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na changu, ndiye aliyeanza.

Kinyozi: Fundi, hicho kiatu kimekukosea nini?

Mimi: Kiatu hakina kosa. Mwenye kiatu ndiye mwenye kosa. Hivi ni vya yule karani wa orodha pale kliniki ya macho, na haki ya nani havitoki hapa mpaka Mama aitwe.

Kinyozi: Bado hajaitwa?

Mimi: Bado! Leo Jumatatu ya nne, bwana. Ya mwisho. Madaktari wa upasuaji ni wageni, wanafunga mizigo mwisho wa wiki.

Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi ananitambua kwa kukohoa kwangu. Kliniki ile ina mashine, na kila Jumatatu saa sita mchana mashine inapita kwenye orodha ya majina, mmoja mmoja kutoka juu. Aliyekwisha kupasuliwa inamfuta. Anayesubiri inamtumia ujumbe wa simu aje, mpaka watimie saba wa wiki hiyo. Mama alikuwa wa nane. Wiki ya kwanza waliitwa saba wa mbele yake, sawa, hatukulalamika. Wiki ya pili akaitwa wa tisa. Wiki ya tatu wakaitwa watu ambao siku ya kujiandikisha walitukuta sisi tumeshakaa. Mama simu yake imelala mkekani, kimya.

Kinyozi: Yeye mwenyewe anasemaje?

Mimi: Anasema ni dharau. Anasema leo kabla ya saa sita anakwenda kwa miguu yake akafutwe jina. Eti bora asiitwe kwa kuwa hayumo, kuliko kurukwa akiwemo.

Hakimu, aliyekaa namba tatu, akakohoa. Huyu hajawahi kuwa hakimu hata siku moja. Alikuwa tarishi wa mahakama, kabeba mafaili miaka thelathini, na sasa amestaafu anatoa hukumu bure.

Hakimu: Shauri hili liko wazi. Karani alileta viatu lini?

Mimi: Mwezi uliopita.

Hakimu: Ukamwambia aje lini?

Mimi: Kesho.

Hakimu: Kesho ngapi?

Mimi: Aa, wewe nawe! Kesho kama nne hivi.

Hakimu: Kinyongo! Mshitakiwa analipa kesho kwa kesho. Mahakama imeridhika.

Kinyozi: Hakuna cha kinyongo. Mashine haivai viatu. Ninyi hamjui tu, mashine inachoka na majina marefu. Jina la mama yake Fundi ukilitaja lote maji yanachemka. Mashine ikifika hapo inavuta pumzi, ikimaliza kuvuta pumzi imeshapita.

Bi Birika: Mashine zinasinzia. Redio yangu ikifika kwenye taarifa ya habari inalala, ikija kuamka ni matangazo ya vifo.

Hakimu: Au inamwogopa. Wapo watu wana nyota nzito. Mzani ule wa sokoni shangazi yangu alikuwa akipanda unasoma sifuri.

Kinyozi: Shangazi yako alikuwa hewa?

Tukacheka, mimi mwenyewe nikiwemo, nikajilaumu kwa kucheka. Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu, mpwa wake Kinyozi, aliyekaa namba nne na kompyuta yake ndogo mapajani. Tunamwita Dada Vipimo. Anafanya kazi ofisi ya ng'ambo ya barabara, na kazi yake, ukimuuliza, ni kuharibu. Wenzake wanaandika programu za kompyuta, yeye anazijaribu kila namna ziharibike mikononi mwake kabla hazijaharibika mikononi mwa watu. Asubuhi hiyo alikuwa kainamisha kichwa tangu alipokaa, hata shikamoo yake ilitoka nusu.

Bi Birika akaanza kumimina. Mimi namba moja nikapata. Akafika namba mbili kwa Kinyozi, na papo hapo mteja akaita kutoka kibandani.

Kinyozi: Niache mimi, Bi Birika, nina kichwa kinanisubiri.

Akainuka. Benchi likalia. Hakimu akasogea, Dada Vipimo akasogea, kama kawaida, bila hata kufikiri. Bi Birika akaenda namba tatu akamimina, akaangalia namba nne, tupu, akaweka birika chini akajifuta mikono.

Hakimu: Na mimi?

Bi Birika: Na wewe nini?

Hakimu: Kahawa yangu!

Bi Birika: Moja nimempa. Mbili kakataa kaondoka. Tatu nimempa. Nne hamna mtu. Nimemaliza.

Hakimu: Umemaliza vipi na mimi niko hapa na mwili wangu wote huu?

Bi Birika: Uko namba mbili. Namba mbili nilishaipita.

Hakimu: Nilikuwa namba tatu!

Bi Birika: Namba tatu kanywa. Muulize binti huyo, kikombe anacho mkononi. Usinisingizie, baba, mimi sijaruka namba hata moja!

Nikamtazama Dada Vipimo ili atuamulie. Kikombe kilikuwa kimesimama katikati ya njia, hakijafika mdomoni.

Dada Vipimo: Nyie. Naomba mtu asisogee.

Hakimu: Mimi nasogea kufuata haki yangu.

Dada Vipimo: Babu, tafadhali! Bi Birika, umesema hujaruka namba hata moja?

Bi Birika: Hata moja, wallahi.

Dada Vipimo: Ni kweli. Hujaruka namba. Umeruka mtu.

 Hata mteja wa Kinyozi alitoa kichwa nje, nusu kimenyolewa nusu bado.

Dada Vipimo: Mjomba, njoo ukae ulipokuwa. Dakika mbili tu, kichwa hakikimbii. Bi Birika, mimina tena. Akifika kwako, mjomba, inuka uende.

Kinyozi akarudi akakaa, na waliosogea wakarudi namba zao. Bi Birika akamimina moja, akafika mbili, Kinyozi akainuka, wote wakasogea, akaenda tatu. Hakimu akabaki mikono mitupu tena, safari hii macho yamemtoka.

Hakimu: Lo! Nimelitazama. Nimelitazama birika likinipita hivi hivi, na mimi ndiye niliyelikwepa!

Bi Birika: Mungu wangu. Mkono wangu huu?

Dada Vipimo: Mkono hauna kosa. Wewe unajua tu nafasi inayofuata. Kinyozi akitoka, Babu anateleza kuingia kwenye nafasi ambayo umeshaimaliza, na wewe unakwenda mbele. Mnapishana. Kila mtu kafanya sawasawa, na mtu mmoja hana kahawa.

Mimi nilikuwa na nyundo mkononi. Niliiweka chini polepole, maana kuna kitu kilikuwa kinanijia na nilitaka kije bila kukishtua.

Mimi: Binti. Ile mashine ya kliniki, ikimfuta mtu, majina yanasogea?

Dada Vipimo: Yanasogea, Fundi.

Mimi: Halafu yenyewe inakwenda namba inayofuata.

Dada Vipimo: Inakwenda namba inayofuata.

Mimi: Wa saba alipasuliwa. Akafutwa. Mama akasogea.

Dada Vipimo: Akasogea kwenye nafasi ya wa saba, na mashine ikawa imeshaondoka hapo. Ikaenda kwa wa tisa. Na kwa kuwa wengine waliokwisha kupasuliwa nao walirukwa wasifutwe, Jumatatu iliyofuata palikuwa na mwingine wa kufutwa mbele yake. Akafutwa, Mama akasogea, akarukwa tena.

 Wiki mbili nimekuwa nikimchukia mtu. Nimemchukia asubuhi, nimemchukia mchana nikila, viatu vyake nimevitupia maneno ambayo kiatu hakistahili. Na kumbe hapakuwa na mtu. Palikuwa na watu waliosogea tu.

Kinyozi: Makubwa haya. Ndiyo maana! Mimi kila nikimng'oa mtu mvi, ya pembeni yake inabaki! Miaka ishirini najiuliza!

Hakimu: Nyamaza, wewe. Sikilizeni. Mwaka ule wa kupandishwa vyeo, karani mkuu alikuwa anasoma majina, na mzee aliyekuwa kabla yangu akasimama akasema anastaafu. Wakamkata palepale kwenye karatasi. Halafu likasomwa jina la baada yangu. Nilidhani nina mkosi. Nilikwenda hadi kuoga maji ya majani!

Bi Birika: Kwetu sisi watoto tulikuwa sita. Wa tatu alipoolewa, zamu ya kushonewa nguo ilikuwa yangu, mimi wa nne. Akashonewa wa tano. Jamani, nililia! Mama yangu marehemu nilimnunia mwaka mzima.

Hakimu: Basi hata kifo. Kijana anatangulia, mzee anabaki. Kumbe kuna mtu alisogea!

Kinyozi: Hata nyota angani. Mbona kuna mahali peusi katikati?

Dada Vipimo: Mjomba, tusifike huko.

Lakini hata yeye alikuwa anang'aa macho. Alituambia kwamba si mashine zote ziko hivyo. Kuna namna nyingine za kupita kwenye orodha, na kila namna ina tabia yake, na yeye kazi yake ni kuzijua tabia hizo. Hakimu akasema tabia hazijulikani mpaka zijaribiwe, na kahawa yake bado hajanywa, kwa hiyo mahakama inaamuru tuendelee.

Dada Vipimo: Bi Birika, safari hii kabla ya kila kikombe hesabu vichwa. Idadi ikibadilika katikati, usimimine. Piga kelele.

Kinyozi akakaa tena mahali pake, Bi Birika akahesabu wanne, akanimiminia. Akahesabu tena, akafika kwa Kinyozi, Kinyozi akainuka. Bi Birika akahesabu, akakuta watatu. Akaganda, birika hewani.

Bi Birika: Simama! Mlikuwa wanne sasa watatu! Benchi limesogea! Sitoi kahawa kwa mtu yeyote mpaka mniambie kimetokea nini!

Kinyozi: Weee! Hiyo ndiyo mashine. Ina adabu hiyo.

Mimi: Lakini hakuna aliyekunywa zaidi yangu.

Dada Vipimo: Ndiyo, imegoma. Watu wanazichukia mashine hizi, wanasema zinasumbua. Ila ikigoma unajua kuna tatizo. Ya kliniki haigomi. Inaendelea kimya, na mwishoni inaandika kwamba imemaliza salama.

Bi Birika: Kama mimi nilivyojifuta mikono.

Dada Vipimo: Kama wewe, mama. Usikasirike.

Kisha akamwambia aandike majina yetu kwenye kipande cha boksi la viatu, amimine kwa kufuata karatasi, asijali benchi linafanya nini. Hapo hakuna aliyerukwa. Ila karatasi iliita Kinyozi, na Kinyozi alikuwa ameshaondoka, na Bi Birika akasimama anaita jina mbele ya mahali patupu, mara ya kwanza, mara ya pili. Sikupenda namna sauti yake ilivyobadilika. Dada Vipimo akasema kwamba wapo waliowahi kupokea simu ya kumwita mgonjwa wao hospitali matanga yakiwa yamekwisha kuanuliwa, na sababu ilikuwa karatasi ya namna hiyo.

Hakimu: Hiyo iondoe. Mahakama imeikataa.

Dada Vipimo: Basi mara ya mwisho. Bi Birika, anza mwisho. Namba nne, kisha tatu, uje kwa mbili, umalizie moja.

Bi Birika akalibeba birika hadi upande wa mguu mbovu. Akampa Dada Vipimo. Akampa Hakimu, na Hakimu akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Akafika kwa Kinyozi. Kinyozi akainuka, benchi likalia, Hakimu na kahawa yake wakasogea, Dada Vipimo na kahawa yake wakasogea. Bi Birika akaja kwangu, akanimiminia. Akageuka akatutazama sura, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Bi Birika: Wote mnayo.

Hakimu: Wote tunayo! Rudia!

Tukarudia. Mara tatu tulirudia, Kinyozi akiinuka na kukaa mpaka mteja wake akasema basi, nusu iliyobaki atanyolewa kesho. Haikubadilika. Wanaosogea ni wale ambao wamekwisha kupata, na ambaye hajapata hatikisiki. Ni jambo dogo hivyo. Unageuza tu upande wa kuanzia, na dhuluma yote inakwisha. Nimeishi miaka hamsini na miwili na sijawahi kuona kitu kilichonipendeza vile, na nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa ndani ya saa.

Hakimu: Pingamizi. Ukianza nyuma, si wa mwisho atakuwa wa kwanza kuitwa? Na sisi tuliowahi?

Dada Vipimo: Swali zuri, babu. Ni safari mbili. Kufuta kunaanzia nyuma, na wakati wa kufuta haitwi mtu. Ukimaliza kufuta, benchi limetulia, ndipo unarudi mbele kuita.

Hakimu: Safari mbili! Na sisi tulikuwa tunafuta na kuita kwa mkupuo mmoja, watu wazima na akili zetu!

Kinyozi: Huyu ni mpwa wangu, jamani. Mnasikia? Mtoto wa dada yangu huyu.

Lakini Dada Vipimo alikuwa ameweka kikombe chini.

Dada Vipimo: Msinisifu. Fundi, nina neno nawe. Programu ya kliniki ilitoka ofisini kwetu, na aliyeijaribu ni mimi. Leo asubuhi wameirudisha kwangu, wanasema watu wanalalamika.

Mimi: Uliijaribu vipi?

Dada Vipimo: Niliandika majina matano. Nikamwondoa mmoja katikati ya safari, nikaona waliobaki wote wameitwa. Nikaandika kwamba inafaa. Lakini niliyemwondoa alikuwa wa mwisho, Fundi. Ndiye aliyekuwa rahisi, yuko pale chini ya orodha. Na wa mwisho hana mtu nyuma yake.

 Nilikuwa na hasira ya wiki mbili na sasa nimempata mwenye kosa, na mwenye kosa ni binti aliyeumbuliwa na kikombe cha kahawa, analia bila kujifuta. Nikavitia viatu vya karani kwenye mfuko.

Mimi: Saa sita haijafika. Unaweza?

Dada Vipimo: Nimeshawapigia waisimamishe. Naandika sasa hivi.

Vidole vyake vilikuwa vinakwenda bado alipoonekana Mama. Anakuja peke yake, mkono ukutani, kutoka ukuta hadi ukuta, kafunga kitambaa chake cha kutokea. Nilijua anakokwenda. Nilikohoa, akasimama.

Mama: Usinizuie, mwanangu.

Wote: Shikamoo, Mama!

Mama: Marahaba. Mbona mnaamkia kwa pamoja kama darasani?

Hakuna aliyethubutu kuinuka kumpisha, kwa hofu ya benchi. Bi Birika akamvutia kiti changu cha kazi, na tukamweleza. Tulieleza wote kwa mara moja, kisha Dada Vipimo akaeleza peke yake, akiushika mkono wa Mama na kuupitisha juu ya namba, moja, mbili, tatu, ili aone jinsi mtu anavyoteleza. Hakuficha lake pia. Mama alisikiliza hadi mwisho.

Mama: Kwa hiyo hakuna aliyenidharau.

Dada Vipimo: Hakuna, bibi.

Mama: Hata karani?

Mimi: Hata karani.

Mama: Subhana. Wamesogea tu.

Akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu macho yalipoanza kumfunga, na sisi tukacheka naye. Kabla ya saa sita kutimia Dada Vipimo alibonyeza kitu cha mwisho, akajaribu mara nyingi, akiwaondoa watu wa mwanzo, wa kati, wa mwisho, wawili wawili waliokaa pamoja. Saa sita na dakika moja simu ya Mama ikalia ndani ya kitambaa chake. Kinyozi aliusoma ujumbe kwa sauti ya msikitini. Jumatano, saa mbili asubuhi, aje na mtu wa kumsindikiza. Nikashindwa kujizuia, nikalia palepale mbele ya wateja, na sioni aibu kulisema.

Mama alingoja tutulie.

Mama: Binti, nikuulize kitu.

Dada Vipimo: Uliza, bibi.

Mama: Mimi nilikuwa njiani kwenda kujifuta. Nimewahiwa. Wapo wenzangu walioona dharau wiki zilizopita, wakaenda wakafutwa kweli. Hao sasa hawamo. Hata uanzie nyuma, hata uanzie mbele, utawapataje?

Dada Vipimo aliivuta tena kompyuta yake mapajani.  Mama akasubiri, akiugeuza uso wake kwa kila mmoja wetu kwa zamu, bila kumruka hata mmoja.